Babu askari wa mpakani, na ukurasa uliokatwa

Mama wa Mbweni anauliza:

Assalaamu alaykum. Marehemu mume wangu alikuwa Mmarekani aliyezaliwa Ohio. Wanangu wawili, waliozaliwa na kulelewa hapa Unguja, upande wangu wanaijua nasaba yao hadi babu wa saba, lakini upande wa baba yao wameachiwa kauli moja tu ya wazee: kwamba babu yao wa mbali alikuwa askari wa mpakani chini ya Jenerali Anthony Wayne, na kwamba alikuwepo kwenye vita vya Fallen Timbers, huko Ohio, baina ya jeshi la Marekani na makabila ya wenyeji wa asili, tarehe 20 Agosti 1794. Wifi yangu alipokuja kutupa mkono wa taazia alituletea Biblia kubwa ya ukoo, ambayo baina ya Agano la Kale na Agano Jipya ina kurasa za kuandikia ndoa, vizazi na vifo. Vizazi vimeandikwa kuanzia mwaka 1798, vifo vimo, lakini ukurasa wa ndoa haupo. Niliandika Marekani kuomba kumbukumbu za jeshi la Wayne, nikajibiwa kuwa jina lake halikuonekana. Je, kuna mlango mwingine wa kubisha?

Maalim wa Wete anajibu:

Wa alaykumu salaam, Bi Mkubwa, na Mungu amrehemu marehemu. Jina kutoonekana si dalili kwamba wazee walisema uongo. Tarehe 8 Novemba 1800 ofisi za Wizara ya Vita ya Marekani ziliungua, na karatasi nyingi za jeshi za miaka ile zikateketea. Mwenye kutafuta askari wa kabla ya hapo hulazimika kumtafuta kwa athari alizoziacha kwengineko.

Hata hivyo, kabla ya moto naomba tuiangalie ile kauli yenyewe. Baada ya jeshi la Jenerali St. Clair kushindwa vibaya na makabila ya wenyeji wa asili, yaani Wamiami, Washawnee na washirika wao, mwezi wa Novemba 1791, serikali iliunda jeshi jipya la kudumu, akakabidhiwa Wayne. Lakini siku ya Fallen Timbers walikuwepo pia wapiganaji wa kujitolea wa Kentucky, waliopanda farasi, wakiongozwa na Charles Scott. Wote hao walikuwa chini ya Wayne, ila majalada ya watu wa kujitolea wa miaka ya 1784 hadi 1811 yamewekwa mbali na ya askari wa kudumu. Ukiuliza huku, jibu la kule hulipati. Basi tuambie: watoto wa mwanzo walizaliwa wapi?

Mjukuu wa Mkunazini anajibu:

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka kwa miaka mingi, na kilichonishughulisha zaidi ni huo ukurasa usiokuwepo. Sisi wenyewe tunazo nyumba ambazo vizazi vya ukoo vimeandikwa kwenye karatasi tupu za mwanzo wa msahafu, na hakuna anayethubutu kuichana karatasi hiyo bila ya sababu kubwa. Kule sababu ilikuwepo. Sheria za mwaka 1850 na 1855 ziliwapa haki ya ardhi waliopigana vita vya mpakani tangu 1790, na kwa sheria ya pili haki ilifikia ekari 160. Askari akiwa ameshafariki, mjane wake aliweza kudai. Mjane alitakiwa athibitishe ndoa, na mahali ambapo hapakuwa na cheti wengi walipeleka ukurasa wenyewe wa Biblia. Kurasa za namna hiyo zimo hadi leo ndani ya majalada ya madai katika Nyaraka za Taifa, Washington. Tafadhali tazama kama ukurasa umechanika au umekatwa, kisha agiza jalada la madai ya ardhi, si la utumishi, na uwape jina kwa kila tahajia unayoiona kwenye Biblia, kwani makarani waliandika walivyosikia.

Mama wa Mbweni:

Marahaba mwanangu, nawe Maalim ahsante sana. Nimekaa na Biblia hiyo tangu alasiri. Ukurasa umekatwa kwa kisu, sawasawa, umebaki ukingo mwembamba karibu na mshono. Mtoto wa kwanza ameandikwa kuwa amezaliwa Kentucky, na waliofuata Ohio. Kwenye vifo, babu ameandikwa 1839 na mkewe 1861, kwa hiyo sheria zote mbili zilimkuta bibi huyo akiwa hai na mjane. Jina la ukoo limeandikwa kwa tahajia tatu. Kesho nitaomba majalada mawili, la watu wa kujitolea wa Kentucky na la madai ya ardhi ya mjane, kwa tahajia zote tatu, na nitaupima ule ukingo uliobaki ili tuweze kuulinganisha na karatasi watakayonipigia picha.

Maalim wa Wete:

Taja pia wilaya aliyokuwa akiishi mjane mwaka 1855, kama Biblia au barua za ukoo zinaionesha. Madai yaliapwa mbele ya hakimu wa hapo hapo, na majirani wawili watatu waliomjua mumewe huenda wametia ushahidi wao humo.