Muvi au sizoni: kipi kinalipa kwenye banda la video huku Uyole? Naomba ushauri wa haraka

Msafwa Mpole (Jumatano, saa 3:12 usiku)

Habari za usiku wakuu. Poleni na baridi kwa tulio huku juu, leo hata maji ya ndoo yanauma.

Niende kwenye mada. Nina banda la video Uyole hapa Mbeya, si mbali na wanakopakia viazi. Mabenchi nane ya mbao, tivii ya inchi 43, spika mbili. Mwaka mzima nimeonyesha muvi zilizotafsiriwa, kiingilio 500. Mwezi huu nikajaribu sizoni ya Kikorea, nayo imetafsiriwa. Jina silitaji.

Tofauti niliyoiona inanichanganya. Muvi ikiisha watu wanasukumana mlangoni, dakika mbili banda jeupe, na kesho sijui nani atarudi. Sizoni ikikatika hakuna anayenyanyuka. Jumamosi iliyopita imekatika pale binti anafungua bahasha, anasoma, anakaa chini, mara majina yanapanda. Banda kimya, unasikia mkaa tu unalia kwenye jiko. Mzee mmoja wa viazi akasema, "Washa." Nikamwambia baba, hadi siku nyingine. Akasema tena, "Washa." Ilikuwa inaelekea saa nne usiku na bado nina watu thelathini na kitu wamejifunika mablanketi hawaendi kwao.

Sasa nauliza, nihamie sizoni moja kwa moja au nirudi kwenye muvi? Kipi kina mvuto wa kudumu? Naomba majibu kabla ya Jumamosi.

Dereva wa Usiku

Mimi ni wa muvi, na sababu ni Tunduma, mpakani na Zambia. Kuna ile sizoni ya Kimarekani inayoitwa 24, ilianza 2001, msimu wa kwanza una episodi 24 na kila moja ni saa moja ya siku ileile. Niliianza kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya kuvuka Nakonde. Jamaa ameokoa nchi ndani ya siku moja, mimi siku ya nne bado naona tela la mwenzangu mbele. Halafu nimefika episodi ya 19 foleni ikasogea. Mpaka leo sijui ilivyoisha. Muvi saa mbili umemaliza, unalala, unaendesha na akili zako.

Mtoto wa Makambako

Dereva ile ya 19 ndiyo inaanza kunoga aisee.

Dereva wa Usiku

Usiniambie kitu.

Mkinga wa Mwanjelwa

Mleta mada, hili ni swali la biashara si la burudani. Muvi ni gesti, mtu analala usiku mmoja, asubuhi hujui jina lake. Sizoni ni chumba cha kupanga. Sizoni nyingi za Kikorea zina episodi 16, kwa hiyo ukionyesha mbili kwa usiku una mteja yuleyule kwa siku nane. Huyo mteja anakula karanga zako, anachaji simu kwako, analeta na shemeji yake.

Ila sijaelewa kitu. Wanalipa vipi? Kila usiku au kwa mkupuo? Na kwa nini kabla ya Jumamosi?

Mzee wa Kihesa

Vijana mnadhani sizoni imeletwa na Wakorea. Mwaka 1993 Radio Tanzania walianza Twende na Wakati, mchezo wa redio, mara mbili kwa wiki. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, ana mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu nyumbani anateseka. Ulitungwa makusudi kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Hapa Iringa mchezo ukianza mama watoto anaepua sufuria hata kama ugali haujaiva, ili asikie. Muvi ya saa mbili ingetufundisha nini? Tungesema huyo ni mtu wa sinema. Mkwaju tuliishi naye miaka, mpaka tukawa tunawaangalia madereva halisi kwa jicho baya.

Dereva wa Usiku

Mzee shikamoo. Kumbe mlitusema tangu wakati huo.

Mzee wa Kihesa

Marahaba. Tuliwasema kwa haki.

Wakili Uchwara

Kabla ya muvi au sizoni, una kibali? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 inagusa maonyesho ya hadhara, na banda la kiingilio ni hadhara. Hapo sijafika kwenye hakimiliki. Faili unalipata wapi?

Mtoto wa Makambako

Wakili nawe, mtu kaomba ushauri wewe unamfungulia jalada.

Binti Rungwe

Hivi mnasema muvi na sizoni kama maji na mafuta. Wanaijeria walikuwa wanauza muvi Sehemu ya Kwanza na ya Pili, Bongo muvi wakaiga, ya kwanza inakatikia mtu anaanguka ngazi, unatoa hela nyingine uone kama amekufa. Hiyo si sizoni ya episodi mbili? Na hizi za Kituruki kule kwao episodi moja inapita saa mbili, ni muvi kabisa, zikiuzwa nje zinakatwakatwa ili zijaze mwezi. Kinachokuvuta si urefu, ni pale walipokata.

Mimi binafsi sizoni iliniponza. Nilikuwa nachuma chai asubuhi nasinzia na kikapu mgongoni, msimamizi akauliza kama nina mimba. Nikasema ndiyo, maana kumwambia ni Wakorea ni aibu zaidi.

Mkinga wa Mwanjelwa

Mleta mada hujanijibu. Wanalipaje?

Msafwa Mpole (saa 4:40 usiku)

Wakuu asanteni kwa michango. Mkinga, wanalipa kwa kadi. Nilichapisha vikadi, elfu nne kwa sizoni nzima ya episodi 16. Kwa 500 kwa usiku wangetoa elfu nne hiyohiyo, ila kwa kadi mtu ana uhakika wa benchi karibu na jiko. Waliochukua ni 34.

Mkinga wa Mwanjelwa

34 mara elfu nne ni 136,000. Iko wapi?

Msafwa Mpole

Ipo kwenye mzunguko.

Mkinga wa Mwanjelwa

Mzunguko gani?

Msafwa Mpole

Nimenunua mbegu ya viazi, nina kinyungu, yaani kishamba cha bondeni, msimu haungoji mtu. Ile ni hela halali ya biashara yangu mkuu. Ningeiweka chini ya godoro mngenicheka.

KiaziMviringo

Na umeonyesha mpaka episodi ya ngapi?

Msafwa Mpole

12.

KiaziMviringo

Zilizobaki nne unazo?

Msafwa Mpole (saa 5:05 usiku)

Hapo ndipo penye shida wakuu. Dijei aliyetafsiri kaishia ya 12. Nimemtafuta yule anayenirushia mafaili, anasema dijei kahamia kwenye muvi za mapigano maana zinamaliziwa siku moja na hela inaonekana. Ya 13 mpaka 16 ninazo kwa Kikorea, maandishi ya chini ni Kiingereza.

Ndiyo maana nikauliza muvi au sizoni. Nilikuwa nafikiri Jumamosi niwawekee muvi mbili kali za bure, watafurahi watasahau.

Binti Rungwe

Watasahau?? Mtu kasomewa bahasha nusu!

Mtoto wa Makambako

Wewe hukuuliza muvi au sizoni. Umeuliza njia ya kutorokea.

Mkinga wa Mwanjelwa

Ndiyo nilikuwa nakuja hapo. Chumba cha kupanga ukishachukua kodi ya miezi sita huwezi kumwambia mpangaji paa litaletwa baadaye. Kwenye muvi kosa lako ni 500 na mtu anakutukana anaondoka. Kwenye sizoni umeuza mwisho ambao huna.

Mzee wa Kihesa

Kijana, rudisha hela za watu. Mambo ya kula mbegu na shamba pamoja hayana baraka.

Msafwa Mpole

Mzee shikamoo. Mbegu imeshaingia ardhini Jumapili. Nikifukua narudisha viazi vilivyooza. Na kumbukeni 12 wameshaziona, wanachonidai ni nne tu, yaani elfu moja kwa kila mmoja. Naona mnanikuzia.

Wakili Uchwara

Kimahesabu uko sahihi. Sasa simama mbele ya yule mzee wa "washa" umpe elfu moja, utuletee mrejesho.

Dereva wa Usiku

Tafsiri mwenyewe. Enzi za kanda, Lufufu alikuwa anasimulia muvi nzima peke yake, mwanamke yeye, mtoto yeye, jambazi yeye. Chukua maiki, kaa pembeni ya tivii, twende.

Msafwa Mpole

Nilijaribu jana mchana na wadogo zangu wawili. Maandishi yanapita haraka, nikisoma mstari wa kwanza wa tatu umeshaondoka. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na mnajua kidato cha nne ya wengine. Kulikuwa na sehemu ya msiba, mama anamlilia mumewe, nikatafsiri kwamba anadai mirathi. Wadogo zangu walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi.

Binti Rungwe

Mkuu hiyo weka hivyohivyo, kiingilio panda 1,000.

KiaziMviringo (Alhamisi, saa 12:50 asubuhi)

Nimelala nimeamka na swali. Mimi ni mtu wa Uyole. Jumamosi umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi alfajiri. Wewe ulionyeshaje mpaka karibu saa nne? Halafu nimefukunyua nyuzi zako za nyuma. Mwezi wa tatu uliandika uko Songea, mke kakukimbia na kuku 300 wamekufa. Leo una banda Uyole, na mke hatumsikii.

Wakuu, hii ni chai. Tena ya Mufindi, gredi ya kwanza.

Binti Rungwe

Chai na Rungwe ipo, msiwape Mufindi sifa zote.

Mtoto wa Makambako

Nilijua! Mzee wa viazi anasema "washa" mara mbili kama kwenye tamthilia. Mleta mada ni mtunzi anajaribia hadithi yake kwetu. Katukatia kwenye bahasha, katukatia kwenye hela, katukatia kwenye dijei. Kila tukitaka kulala anaongeza episodi.

Dereva wa Usiku

Na mimi nimekesha kituo cha mafuta Igawa nasubiri ya kesho. Nimepigwa.

Msafwa Mpole (saa 1:30 asubuhi)

Wakuu jamani. Umeme ulikatika kweli. Nilikodi jenereta kwa fundi wa kuchomelea, lita tatu za petroli. Na uzi wa Songea ni wa kaka yangu, akaunti hii tunaitumia wawili.

KiaziMviringo

Kaka yako. Sawa. Weka picha ya banda.

Msafwa Mpole

Siwezi kuweka picha, watanitambua.

Wakili Uchwara

Umeshataja Uyole, benchi nane, jiko, jenereta na kadi za elfu nne. Aliyebaki hakutambui ni Mkorea peke yake.

Mzee wa Kihesa

Iwe kweli iwe uongo, ushauri wangu uko palepale. Hata Mkwaju hakuwapo.

Mama Igawilo (saa 2:15 asubuhi)

Samahanini wanangu, mimi huwa nasoma tu, kuandika si kawaida yangu. Nina kijana wangu wa kidato cha pili. Wiki tatu zilizopita nilimpa elfu kumi aniletee dawa ya ukungu ya viazi, akarudi na chenji pungufu elfu nne na kikadi cha rangi ya chungwa mfukoni. Nilimchapa. Juzi Jumanne akarudi mapema, akasema hakuna onyesho, mwenye banda amebandika karatasi mlangoni imeandikwa MSIBA.

Kama ni wewe mwanangu, pole sana. Nani amefariki?

KiaziMviringo

Eeeh.

Mtoto wa Makambako

Naomba hapa pasikatwe.

Msafwa Mpole (saa 3:58 asubuhi)

Shikamoo mama. Hakuna aliyefariki. Jumanne nilikosa cha kuwaonyesha nikaona aibu kuandika sababu. Kijana wako ni yule mrefu anayekaa upande wa jiko, ana koti la kijani? Anisamehe, na wewe unisamehe.

Mama Igawilo

Marahaba. Ndiye huyo. Msiba usiuchezee, mwanangu, unasikia. Ukikosa kitu andika umekosa.

Elfu moja yako baki nayo. Huyu mtoto akirudi usiku anatusimulia jikoni mimi na bibi yake, mpaka sauti za wale watu anaiga. Kiingereza anakijua kuliko mimi na wewe, mwalimu wake anamsifia. Leo akitoka shule nitamtuma kwako na daftari, mkae mzitazame hizo nne, aandike taratibu, mnasimamisha pale panapokimbia. Jumamosi asome yeye, wewe washa tivii tu. Lakini saa tatu awe nyumbani.

Mkinga wa Mwanjelwa

Mama, umlipishe.

Mama Igawilo

Atamlipa mbegu ya viazi vikikomaa. Ila wewe kijana, kwa kuwa umeshazitazama, niambie mimi na bibi yake, tuna siku ya tano tunabishana. Yule binti kwenye bahasha aliona nini?

Msafwa Mpole

Mama, nilisoma. Sikuelewa.