Je, hofu ya kuwasilisha kwa Kiingereza ni kosa la mwanafunzi?

Mleta mada, Tabora
Ndugu zangu, wiki iliyopita niliketi nyuma ya ukumbi wa chuo kimoja nikimtazama binti wa kaka yangu akiwasilisha utafiti wake kuhusu warina asali wa Sikonge. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amenieleza yote kwa Kiswahili, hata sababu ya moshi kuwapoza nyuki, bila kushika karatasi. Asubuhi, kwa Kiingereza, doa jekundu la kalamu ya mwanga lilitetemeka ukutani, akasoma slaidi neno kwa neno, na alipoulizwa swali akaitikia kwa kichwa tu. Je, alama alizokatwa ni za utafiti au za lugha? Na kwa nini asiruhusiwe kujibu maswali kwa Kiswahili?

Mzee wa Ujiji
Hofu hiyo ni uvivu uliovishwa kanzu. Kiingereza ni lugha ya kufundishia tangu kidato cha kwanza. Mtu aliyekitumia miaka 6 kabla ya chuo anatetemekea nini? Labda tatizo ni la huko kwenu Unyamwezini, ambako hata kwa Kiswahili mtu hukualika "kura" wali.

Mnyamwezi wa Isevya
Shikamoo mzee wangu, ila hapo umetukosea. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, katikati ya hao wasemao "kura", kisha akaitafsiri tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1969. R na l hazijawahi kumzuia mtu kufikiri.

Mzee wa Ujiji
Marahaba. Tafsiri hiyo ilitoka kwanza 1963. Mwaka 1969 aliirudia kwa jina Juliasi Kaizari, akatoa na Mabepari wa Venisi, tafsiri yake nyingine ya Shakespeare. Tena Mwalimu alikuwa Mzanaki, msijitwalie.

Mhadhiri, Kigoma
Mnagombea herufi, na herufi hizo ndizo zinazomtetemesha binti. Mtafiti Horwitz na wenzake walieleza huko Marekani mwaka 1986 kwamba hofu ya lugha ya kigeni ni hofu ya aina yake, iliyo jirani na woga wa kuzungumza, wa mitihani na wa kuhukumiwa na watu. Darasani kwangu kicheko huangukia lafudhi. Hoja dhaifu hupita salama. Hata hivyo nisingekiondoa Kiingereza, kwa kuwa vitabu karibu vyote vya somo langu viko kwa lugha hiyo.

Mnyamwezi wa Isevya
Mzee bado hajaifuta ile "kura" yake.

Mleta mada, Tabora
Binti atarudia wasilisho lake Alhamisi. Nimemsomea majibu yenu yote, naye ameuliza kama yupo aliyegusia suala la kujibu maswali kwa Kiswahili.