Mtu wa kampeni akihamia TV kuchambua siasa, tumwamini kiasi gani?

Swali

Wadau habari za saa hizi. Kuna kitu kinanikereketa naomba mnieleweshe. Unakuta mtu leo ndo anapanga mikakati ya mgombea, siri zote za kambi anazo, uchaguzi ukiisha tu unamkuta kwenye TV wanamwita mchambuzi, anatueleza nani kakosea wapi. Nafuatilia sana siasa za Marekani na huko naona ni jambo la kawaida kabisa. Hivi huyu ameacha kampeni kweli au kaihamishia studio? Na waandishi waliosomea kazi si wapo, kwa nini vituo vinawakimbilia hawa?

Jibu 1

Mkuu wanakimbiliwa kwa sababu jikoni wanakujua. Mwandishi atakwambia mgombea kaenda jimbo fulani mara 3 wiki hii, aliyewahi kuendesha kampeni atakwambia ukiona hivyo ujue kura za maoni za ndani zimewatia hofu. Hiyo huipati darasani.

Ila angalia watu wawili waliokuwa pamoja kwenye kampeni ya Bill Clinton 1992. James Carville alikuja kuwa mmoja wa watangazaji wa Crossfire, kipindi cha mabishano ya siasa pale CNN, akakaa upande wa Democrat waziwazi, basi unamsikiliza ukijua katokea wapi. George Stephanopoulos yeye aliingia kituo cha ABC kama mchambuzi halafu 2002 akakabidhiwa kipindi cha siasa cha This Week aongoze, yaani akawa upande wa wanaouliza maswali. 2015 ikajulikana alichangia dola 75,000 kwa Clinton Foundation, shirika la hisani la familia ya Clinton, na watazamaji hawakuambiwa, akaomba radhi, ikabidi ajitoe kuongoza mdahalo wa Republican. Mi Carville hanipi shida hata kidogo, huyu wa pili ndo ananipa.

Jibu 2

Kuna mbaya zaidi ya hiyo. Corey Lewandowski, meneja wa kampeni ya Trump, alifukuzwa Juni 2016, siku chache tu CNN wakamchukua, na huku bado analipwa na kampeni hela ya kuachishwa kazi, tena alishasaini mkataba wa kutunza siri. Sasa jamani mtu wa namna hiyo atachambua nini? Hata akitaka kusema ukweli mdomo umefungwa!

Na mwaka huohuo Donna Brazile, aliyeendesha kampeni ya Al Gore 2000, barua pepe zilizovuja zilionyesha aliitonya kambi ya Hillary Clinton maswali kabla ya matukio ya CNN wakati yeye ni mchambuzi wa CNN hiyohiyo. CNN wakaachana naye. Hapo mtazamaji ameibiwa, sina neno jingine.

Jibu 3

Nakubaliana na nyie ila tusiwaweke wote kapu moja. David Axelrod aliyekuwa nguzo ya kampeni za Obama 2008 na 2012 alianzia uandishi Chicago Tribune, kwahiyo alipokuja CNN alikuwa anarudi nyumbani.

Mi kipimo changu ni usiku wa matokeo. 2012 Fox News wametangaza jimbo la Ohio limeenda kwa Obama, Karl Rove, mpanga mikakati wa George W. Bush, amekaa palepale mezani anakataa, anasema bado mapema, na yeye ndo alisaidia kuanzisha American Crossroads, kundi la kuchangisha hela za siasa lililomwaga mamilioni kumpinga Obama. Mtangazaji wa Fox, Megyn Kelly, akainuka na kamera nyuma yake, akatembea korido hadi chumba cha wale wanaopiga hesabu za kura akawauliza mna uhakika? wakasema tunao. Nilivyoiona ile nilielewa, namba zipo mbele ya Rove na yeye anazijua namba kuliko wengi wetu, ila moyo umegoma.

Aliyeuliza

Asanteni sana wakuu nimepata mwanga. Mi ningeomba kitu kimoja tu kwa vituo, pale chini ya jina wanapoandika "mchambuzi wa siasa" waandike pia kampeni ya mwisho aliyofanyia kazi, na kama bado kuna hela inaingia kutoka huko waseme, kila anapokaa kwenye kiti na sio siku ya kwanza tu, maana kuna anayewasha TV leo kwa mara ya kwanza.