Shajara ya picha za safari kwenye kompyuta ya nyumbani: nianzie wapi?

MwanaMikindani: Wakuu, nina picha kama 3,000 za simu: Mikindani, Msimbati, magofu ya Kilwa Kisiwani. Nataka zikae kwangu hapa Mtwara, zipangwe kwa tarehe na ramani, na ndugu walioko Dar wazione. Kifaa ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja), RAM GB 4. Nusu ya picha zimepitia WhatsApp.

Fundi_Pi: Mkuu, shida iko kwenye hizo za WhatsApp. Picha ikitumwa kawaida hupunguzwa na kufutwa EXIF, yaani taarifa zilizofichwa ndani ya faili: saa ya kupigwa na GPS (mahali). Jina kama IMG-20240612-WA0003 lina tarehe ya kutumwa tu. Waombe wenye simu wazitume upya kama dokumenti, au uzinakili kwa waya wa USB.

Kwa RAM hiyo Immich (programu ya albamu ya picha ya kuendesha kwenye kifaa chako) itakulemea, hasa inapotambua nyuso. Tumia Hugo, programu ya kutengeneza tovuti nyepesi: inasoma EXIF yenyewe, ramani unaichora kwa Leaflet, zana ya ramani za wavuti. Folda ya picha asili usiiguse kabisa. Nakili zote kwenda folda ya `wavuti`, kisha zipe majina ya tarehe kwa `exiftool` na uzipunguze kwa `mogrify`, programu mbili za kuandikiwa amri:

`exiftool -d %Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%le "-FileName<DateTimeOriginal" wavuti`

`mogrify -auto-orient -resize "1600x1600>" -quality 80 wavuti/*.jpg`

`mogrify` huandika juu ya faili lilelile, ndiyo maana nasisitiza nakala. Hiyo `%%le` hugeuza .JPG kuwa .jpg, bila hiyo Linux itaziruka.

Shangani_net: Picha zisikae kwenye memori kadi. Umeme ukikatika Pi ikiwa inaandika, faili huharibika. Chukua SSD (diski ya nje), ichomeke tundu la bluu la USB 3, na UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika). Chaja iwe ya volti 5 ampea 3. Ya simu ikishindwa kubeba mzigo, SSD hujitoa yenyewe.

Ndugu wa Dar wape Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyenu kwa mtandao wa faragha, maana intaneti ya laini ya simu mara nyingi haina IP ya umma, yaani anwani inayofikika kutoka nje. Picha za nyumbani kwako zifute GPS kwanza: `exiftool -gps:all= faili.jpg`.

MwanaMikindani: Ahsanteni sana. Na ambazo mwenye simu kashafuta asili?

Fundi_Pi: Ziandikie mwenyewe. Mfano wa Kilwa Kisiwani:

`exiftool -DateTimeOriginal="2024:06:12 15:30:00" -GPSLatitude=8.958 -GPSLatitudeRef=S -GPSLongitude=39.523 -GPSLongitudeRef=E faili.jpg`

Usisahau hiyo S. Bila kusini, magofu yako yataonekana Ethiopia, mashariki ya Addis Ababa.