Mkusanya ushuru ni kibarua milele? Kaunti zinatuchezea

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nakusanya ushuru sokoni kwa kaunti moja hapa magharibi mwa Kenya (sitaitaja, bado nakula huko). Nimeanza kabla ya uchaguzi wa 2022 na hadi leo nahesabiwa kibarua wa kulipwa kwa siku. Kila baada ya muda tunaambiwa tupumzike kidogo, halafu tunaitwa tena kana kwamba ndio kwanza tumefika. Soko halipumziki. Mama wa omena anatozwa vilevile.

Mnajua kwa nini tunapumzishwa? Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda unaotimia mwezi, au akipewa kazi isiyoweza kuisha ndani ya miezi mitatu, sheria inamhesabu kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Sasa niambieni, ushuru wa soko utaisha lini?

Ukiuliza, unatajiwa asilimia 35. Ndiyo, kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Lakini hayo mapato anayaleta nani, kwenye mvua ya saa tisa?

Kilichonichoma ni hiki. Bodi ya utumishi wa umma ilitangaza nafasi za kudumu, kazi yangu hii hii, uzoefu wa miaka mitatu. Nikaomba. Sina barua ya ajira wala namba ya mfanyakazi, kwa hiyo eti sina uzoefu! Aliyepewa aliletwa kwangu nimfundishe kutumia kimashine cha risiti. Keshapanda daraja. Mimi namwita bosi.

Na tangazo lenyewe lilitaka cheti cha maadili mema, cha KRA (mamlaka ya kodi), cha HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), vyote viambatanishwe na maombi. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022: mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kukupa mkataba. Nani anajali? Lipa kwanza, ukose baadaye.

Swali langu kwa walio Kisumu, Nakuru, Bungoma, popote: kuna kibarua wa kaunti aliyekwenda Mahakama ya Ajira na hicho kifungu cha 37? Alianzia wapi, na alibaki kazini kesi ikiendelea? Nataka majibu ya watu waliopitia. Wa kuniambia nifuge kuku, pita tu.