Mjadala: Je, Arthur Miller alikuwa na haki ya kumzulia ugoni John Proctor?

Mleta mada

Wadau wa tamthilia, salaam. Kila The Crucible inapotajwa, nasikia sifa ile ile: kwamba mwandishi wake Mmarekani, Arthur Miller, aliweza kuwakalisha watu ukumbini kwa habari ya kesi za uchawi kwa sababu alitia mapenzi ya siri kati ya John Proctor, mkulima aliyenyongwa kwa tuhuma za uchawi, na Abigail Williams, mmoja wa mabinti waliokuwa wakiwataja watu kuwa wachawi. Napinga. Kinachomshika mtazamaji mle ndani ni mahakama yenyewe, na kwa ugoni ule Miller alimtwisha mtoto wa watu mzigo usio wake.

Kwa ambaye hajaisoma: tamthilia ilipanda jukwaani New York Januari 1953, wakati Marekani ikiwasaka wakomunisti na watu wakiitwa mbele ya kamati za Bunge wataje wenzao. Habari yenyewe ni ya Salem, Massachusetts, mwaka 1692. Wapuriti, Wakristo wa msimamo mkali wa huko, walianza kushtakiana uchawi, na kabla mwaka haujaisha watu 19 walikuwa wamenyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey aliyekataa kujibu mashtaka alirundikiwa mawe kifuani mpaka akafa. Wengine walifia gerezani.

Abigail wa kweli alikuwa na miaka 11 au 12. Proctor alikuwa mzee wa miaka 60 hivi. Hakuna ushahidi wowote wa mapenzi baina yao. Miller akamkuza binti hadi 17, akampunguzia mzee karibu nusu ya umri wake, akawalaza pamoja.

Lakini angalieni kazi inavyofanyika hasa. Katika tendo la kwanza, wakubwa wakishatoka chumbani, Abigail anawatisha mabinti wenzake wasithubutu kusema yaliyotokea msituni, walikokwenda kucheza usiku kwa siri. Tumemsikia. Tangu hapo sisi tuliokaa ukumbini ni mashahidi ambao hakuna atakayetuita kizimbani. Mchungaji Hale anaingia na vitabu vyake vya uchawi, jaji Danforth anaingia na mamlaka yake, na sisi tunajua wasichokijua. Kisha inakuja kanuni ambayo Miller hakuitunga, ilikuwapo Salem: anayekiri anasalimika, anayekana ananyongwa. Ikishaeleweka hiyo, kila mhusika anayesimama mbele ya hakimu ana njia mbili, uongo au kitanzi. Hata mwenye sentensi tano tu anatushika roho. Mapenzi ya nini tena?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeruka tendo la tatu. Proctor anaungama ugoni wake mbele ya mahakama ili kumvua Abigail nguo mbele ya wote, halafu anasema mke wangu hajui kusema uongo, muulizeni. Elizabeth analetwa. Anakatazwa kumtazama mumewe. Anaulizwa: mumeo ni mzinzi? Mwanamke ambaye hajawahi kudanganya anadanganya siku hiyo moja, kwa kumpenda mumewe, na uongo huo ndio unaommaliza. Kanuni yako ya kukiri na kukana haiwezi kuzaa onyesho hilo. Linahitaji aibu ya nyumbani, jambo ambalo mtu angelificha hata kama hakuna mahakama. Ondoa ugoni, unabaki na watu wema wanaoonewa kwa saa mbili na nusu, na watu wema wanaoonewa tu huchosha haraka.

Mchangiaji wa pili

Nimewahi kuifundisha tamthilia hii kidato cha juu, kwa hiyo naongeza jambo ambalo nyote wawili mmelipita. Miller aliandikia hadhira iliyokuwa imekwisha kuamua kwamba wachawi hawapo. Hadhira ya kwetu haijaamua. Wanafunzi wangu waliuliza kwa dhati: kwani wale mabinti waliona nini? Hili si la kuchekwa. Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi.

Ndiyo maana naona tukio la ndege lina thamani kuliko ugoni na kanuni. Mabinti wanaelekeza macho juu darini, wanapiga kelele, wanamsihi ndege asiwararue. Juu hakuna kitu. Miller hakuweka kitu. Nimeona waongozaji wakitia taa inayomulika na kivuli cha mabawa, na papo hapo ukumbi unapata ruhusa ya kuamini. Darini pakiachwa patupu, mtazamaji anayeamini uchawi analazimika kutazama nyuso za mabinti badala ya ndege, na anaanza kuona namna Mary Warren, mwenzao aliyekuja kusema kwamba yote ni uongo, anavyoelemewa mpaka anarudi upande wao. Hofu ya huyo binti mmoja inatosha kuishika hadhira yetu.

Mchangiaji wa tatu

Kwenye suala la haki ya kubadili historia, tuna mfano wetu. Ebrahim Hussein katika Kinjeketile (1969), tamthilia yake ya Vita vya Maji Maji, alisema wazi kwamba mhusika wake ameumbwa kwa mahitaji ya sanaa na asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Na hadhira ya Kitanzania inaingia ukumbini ikijua maji hayakuzuia risasi. Mbona tunakaa hadi mwisho? Kwa sababu Kinjeketile, kama Proctor, mwishoni anaombwa neno moja. Proctor atie saini uongo apone; Kinjeketile atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Wote wanakataa, na kukataa kwa Kinjeketile kunaniuma zaidi maana yeye mwenyewe ana shaka na maji. Hussein alibuni, Miller alibuni. Kosa liko wapi?

Mleta mada

Kosa liko kwa nani anayebebeshwa. Hussein alimtwisha shujaa wake uzito, akamkuza kwa uzito huo. Miller alimpunguzia lawama mwanaume mzima na kuipeleka kwa mtoto. Watu wanatoka ukumbini wakiamini roho zile zilipotea kwa wivu wa kisichana, ilhali waliotia saini mashtaka walikuwa wanaume wazima kama Thomas Putnam, na waliopokea ushahidi wa mizuka, yaani madai kwamba mzuka wa mtuhumiwa umemtokea na kumtesa mtu, walikuwa majaji. Gavana William Phips alipoivunja mahakama ile Oktoba 1692, alikuwa anavunja kazi ya wakubwa.

Na Miller mwenyewe alikuwa na sababu nyingine mkononi. Ndani ya tamthilia yake Giles Corey anasema Putnam anatumia tuhuma za uchawi kujipatia ardhi. Mtu wa Kilifi, ambako wazee wameitwa wachawi huku shamba likimezewa mate, hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Miller akaligusa na kulipita.

Mchangiaji wa kwanza, hoja yako ya Elizabeth ni nzito na sitaizunguka. Onyesho lile ni kubwa. Ila kumbukumbu za Salem zina mafundo makubwa vilevile. Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, juri ilimwona hana hatia. Mabinti wakalipuka kwa vilio, jaji akaitaka juri ifikirie tena neno moja alilolitamka bibi. Akaulizwa alimaanisha nini. Hakujibu, kwa sababu masikio yalikuwa mazito na hakulisikia swali. Juri ikarudi na hatia. Hiyo haimo katika tamthilia, na haina mapenzi hata chembe.

Kisha Proctor mwenyewe. Julai 1692 aliwaandikia wachungaji wa Boston kutoka kifungoni kwamba mwanawe William, alipokataa kukiri, alifungwa shingo na visigino pamoja mpaka damu ikamtoka puani. Mweke baba huyo jukwaani, sauti ya mwanawe iko nyuma ya ukuta, na karatasi ya kukiri iko mezani. Anayeona hilo halitoshi kushika ukumbi aje aseme kwa nini.