Majirani Brooklyn Park, Minnesota: Jumamosi Twende Wirth

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Shikamoo Shangazi. Jumamosi nawapeleka wanangu Theodore Wirth wakateleze kwenye tyubu. Nina nafasi mbili kwenye gari. Nani anakuja?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Hapo Wirth ndipo wapi?

Mama Neema: Ni hapo Minneapolis upande wa magharibi, Shangazi, inapopakana na Golden Valley. Kutoka kwetu ni dakika kama 20 kwa gari. Ndiyo bustani kubwa kuliko zote za jiji.

Baba Kevo: Mama Neema umeangalia hali ya hewa lakini? Nyuzi 9 chini ya sifuri! Wangu hawatoki hadi Aprili.

Mama Neema: Baba Kevo, Aprili ni mbali mno. Mtoto afungiwe tangu Novemba mpaka Aprili, huo si karibu nusu mwaka? Na mwakani tena, na mwaka wa tatu tena. Wangu walikuwa wanagombania simu kutwa kucha, kila mtu na kona yake, hakuna anayemsemesha mwenzake. Tulipoanza kutoka wakabadilika. Wanakula, wanalala, wanacheka pamoja. Watoto hawa wamezaliwa hapa, baridi hii ni ya kwao. Mimi sitaki wakue wakiiogopa.

Mama Amani: Jambo wote. Tyubu ni ile ya ndani ya gurudumu ya gari?

Brayo: Ndiyo dada, sura ni hiyo hiyo, ila ni kubwa na chini ina kitako kigumu ili iteleze vizuri. Unakalia katikati, unashika vishikio viwili, unashuka. Kilima kimechongwa njia zake na kila njia ina kingo za theluji huku na huku, kwa hiyo humwingilii wa pembeni. Chini kuna tambarare ndefu, tyubu inapunguza mwendo hadi inasimama yenyewe. Kurudi juu kuna mtambo wa kukuvuta, hupandi kwa miguu.

Mama Amani: Na mtoto akiogopa?

Mama Neema: Hakuna wa kumsukuma, dada. Neema siku ya kwanza alisimama juu pale amenishika koti, macho yamemtoka. Tukakaa pembeni tukitazama wenzake. Baadaye akaniambia, "Mama, nishikie kofia." Akashuka. Nilimsikia anapiga kelele njia nzima, na alipofika chini hakuniangalia hata kidogo, alikimbilia foleni.

Shangazi Rehema: 😂😂 Mashallah.

Baba Kevo: Sawa, lakini vidole vyao je? Jirani wangu wa zamani mtoto wake alishikwa na baridi sikio likawa jeupe kabisa.

Mama Neema: Hilo ni jambo la kweli na nashukuru umelitaja. Naomba wazazi wote msome hapa.

Nguo ya pamba msimvalishe mtoto karibu na mwili. Pamba ikishika jasho au theluji inabaki na maji, na maji yanamnyonya joto. Mvalisheni fulana nyembamba ya joto ya polyester au sufu, juu yake sweta, juu kabisa koti na suruali visivyopitisha upepo wala maji. Soksi iwe moja ya sufu. Ukimpandishia soksi tatu kiatu kinabana, damu haipiti, na hapo ndipo vidole vinaganda. Glavu, chukueni zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja, maana vinapashana joto. Masikio yafunikwe. Skafu ndefu inayoning'inia acheni nyumbani, inaweza kunasa kwenye mtambo. Tafuteni ile ya kuvaa kama kola.

Kila baada ya muda mwite mtoto, mvue glavu, shika vidole. Ngozi ikipauka na akasema hahisi kitu, mwingize ndani papo hapo. Usimsugue, na theluji usimpake hata kama kuna mtu amekuambia. Vidole viweke kwapani mwako au kwenye maji ya uvuguvugu. Visiporudi rangi yake, hospitali.

Mama Amani: Aksanti sana. Hayo hakuna mtu alituambia tangu tufike.

Brayo: Mama Neema umesema yote. Mimi nitaongeza moja tu: njooni pia mwone baiskeli.

Baba Kevo: Baiskeli? Kwenye theluji??

Brayo: Kabisa kaka. Kuna njia za baiskeli za milimani ndani ya ule msitu, nyembamba, upana wa baiskeli moja, zinapinda katikati ya miti, kupanda na kushuka. Kiangazi watu wanapita na baiskeli za kawaida za milimani. Wakati wa theluji tunatumia za matairi manene, karibu sentimita 10 upana. Upepo unaupunguza sana, unakuwa mdogo mno kiasi kwamba ukibonyeza tairi kwa kidole gumba linabonyea. Hapo linatandaza uzito, halizami.

Baba Kevo: Mimi nyumbani Nairobi nilikuwa naendesha msitu wa Karura. Tangu nihamie huku sijagusa baiskeli.

Brayo: Basi wewe umeshafuzu! Alama zake ni rahisi: duara la kijani kwa anayeanza, mraba wa buluu kwa aliyezoea kidogo, almasi nyeusi waachie wenyewe. Na njia hizo hulipi. Unalipa ukikodi baiskeli, na tyubu nayo ni ya tiketi. Tiketi kateni mtandaoni mapema, zinauzwa kwa vipindi na Jumamosi zinaisha upesi.

Sharti moja tu, na hili watu wa baiskeli wanalishikilia kama amana: njia ikiwa na tope haukanyagi. Theluji ikianza kuyeyuka, tairi likichimba mtaro, usiku baridi inarudi na ule mtaro unaganda ukawa mgumu kama saruji. Anayefuata anaanguka. Njia zile zinatunzwa na watu wanaojitolea, wanakuja na makoleo jioni baada ya kazi. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani tazama kwanza kama zimefunguliwa.

Shangazi Rehema: Na sisi wenye magoti tufanye nini huko?

Mama Neema: Shangazi, pana jengo linaitwa Trailhead, lilifunguliwa 2018. Joto lipo, viti vipo, unawatazama watu wanapita na ski zao, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji. Kiangazi nitakupeleka bustani ya maua ya Eloise Butler, ipo humo humo. Huyo mama alikuwa mwalimu, akaianzisha 1907 ili maua ya asili ya hapa yasipotee. Nayo ile bustani kubwa yote ya Wirth imepewa jina la Mswisi, Theodore Wirth, aliyesimamia bustani za jiji tangu 1906 hadi 1935. Yaani mhamiaji kama sisi.

Shangazi Rehema: Umesema ski, nimemkumbuka Philip Boit, kijana wetu wa Kenya. Alishindana ski kwenye Olimpiki ya majira ya baridi 1998 kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, dakika nyingi nyuma ya wenzake, na yule bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, akamsubiri pale kwenye mstari akamkumbatia. Mimi nililia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Brayo: Shangazi! Mchezo ule ule wa Boit, Kombe la Dunia lake lilifanyika hapo hapo Wirth, Februari 2024. Lilikuwa lifanyike 2020, korona ikalizuia. Nilikuwepo. Majira yale ya baridi yalikuwa na joto la ajabu, theluji karibu hakuna, njia wakatandika kwa theluji ya mashine: maji yanarushwa hewani kwa nguvu, yanaganda kabla ya kufika chini. Watu walijaa, kengele zinalia msituni. Jessie Diggins, binti wa Minnesota, akawa wa tatu kwenye kilomita 10. Gus Schumacher wa Alaska akashinda upande wa wanaume, umati ukapagawa. Nilitazama pale nikaona watoto wa kila rangi wamepanda mabegani mwa baba zao.

Shangazi Rehema: Basi nakuja. Nitapika chai ya tangawizi chupa mbili na mahamri.

Baba Kevo: Kevo amesoma ujumbe wote huu kupitia simu ya mamake. Amesimama mlangoni na koti 🤦🏾‍♂️ Mama Neema, kipindi cha saa ngapi?

Mama Neema: Saa nne asubuhi. Tuondoke saa tatu kasorobo, tukutane maegesho ya kanisani.

Mama Amani: Mimi ningependa kuja na Amani na mdogo wake. Lakini viatu vya theluji hawana, wako na raba tu.

Mama Neema: Wanavaa namba ngapi?

Mama Amani: Amani 3, mdogo 12 ya watoto.

Baba Kevo: Za Kevo za mwaka jana ni 3, bado nzima. Nazileta kesho nikitoka kazini.

Shangazi Rehema: Ya 12 nitamuuliza binti wangu anayekaa mji wa Crystal. Na suruali za theluji?

Mama Amani: Moja iko. Ya mdogo hapana.

Brayo: Nauliza kwa kundi la baiskeli sasa hivi, nipeni dakika tano.